Kila Kunaponguruma, Mwalimu Huchomoa

Oktoba 14, 2003

Daftari hili nimelinunua la kuandikia maneno ambayo nikiyatamka kwa mdomo nitafukuzwa kazi. Naanza na Daktari Kilonzo.

Si daktari wa sindano. Ni wa chuo, Nairobi. Mwaka wa 1999 alikuja kwetu Kivaa na gari la mradi na mashine ya kurekodi, akawafuata akina mama wa mwethya shambani. Mwethya kwetu ni ushirika wa jembe: leo tunachimba mtaro kwako, kesho kwangu, na kazi haiendi bila wimbo. Aliyekuwa akianzisha nyimbo ni Mwaitu, yaani mama yangu, Wanza. Mimi nilikuwa Nairobi nikisomea kompyuta, siku hiyo sikuwepo.

Mwaka jana Mwaitu alifanyiwa upasuaji wa koo kwa sababu ya uvimbe. Alipona, na namshukuru Mungu, lakini sauti ilibaki hospitali. Anapumulia tundu lililo shingoni, analifunika kwa kitambaa. Siku hizi anaishi nami hapa mjini Machakos, na akinitaka anagonga meza.

Leo nimempigia Kilonzo nimwombe zile kanda.

"Kanda? Aah, zile tulizitumia tena," akasema. "Ile ya Kivaa nadhani tulirekodia harusi ya binti yangu. Lakini usiwe na wasiwasi, madam. Kila kitu kiko kwa seva huko ng'ambo. Kiko salama."

Juu ya mama yangu amerekodi harusi! Halafu akaongeza, kama mtu anayekumbuka kuomba chumvi, kwamba seva itazimwa mwisho wa Desemba kwa kuwa mradi umekwisha. Akanipa jina la kuingilia na neno la siri, akakata simu kabla sijamaliza kuuliza.

Oktoba 15

Faili ni moja, jina lake kivaa, na ni kubwa mno. Ndipo mahali pekee duniani ambapo sauti ya Mwaitu bado ipo.

Ninafanya kazi kwenye saiba, duka la intaneti la Mwalimu Bartholomew, mwalimu mstaafu aliyewekeza kiinua mgongo chake kwenye kompyuta asizozielewa. Mashine moja, ile ya pembeni, binamu yangu Antony aliiwekea mfumo wa Linux kwa sababu virusi vya disketi vilikuwa vimetumaliza. Ndiyo ninayotumia. Unafungua dirisha jeusi, unaandika scp, kisha jina lako na anwani ya seva, kisha mahali faili lilipo huko, kisha unaacha nafasi na kuweka nukta. Nukta hiyo maana yake ni "hapa". Yaani: litoe huko, lilete hapa. Halafu unakaa unatazama asilimia ikipanda kwa laini ya simu, polepole kama kinyonga.

Nilianza mchana. Jioni Mwalimu alifunga duka na kuzima kila kitu, kama desturi yake, faili likiwa halijafika nusu. Nikianza asubuhi mapema, litamalizika kabla ya kufunga. Hesabu yangu inakubali.

Oktoba 16

Hesabu yangu haikuwa imemjua Mwalimu.

Saa nane mchana wingu lilisimama juu ya vilima vya Iveti. Likanguruma mara moja tu, mbali, na mzee akatoka kwenye kiti chake kama aliyechomwa mwiba. Akapita ukutani, soketi baada ya soketi, anachomoa. Wateja wakalalamika. Nikapiga kelele, "Mwalimu, ngoja!" Hakungoja. Akachukua kanga, akafunika hata kile kioo cha kujitazamia kilicho juu ya sinki, eti kisivute radi.

Tatizo la scp ni hili: ikikatika, haikumbuki ilipofika. Kesho naanza sifuri.

Oktoba 17

Mvua. Amechomoa.

Oktoba 20

Mti umeangukia nguzo. Hakuna simu mtaa mzima.

Oktoba 22

Mvua. Amechomoa. Nilikuwa nimefika asilimia sabini.

Oktoba 24

Leo nimemweleza taratibu, kwa adabu zote nilizofundishwa, kwamba kile kisanduku tulichonunua kinazuia stima isiruke na kuunguza kompyuta. Kimeandikwa hivyo pale mbele.

"Nzisa," akasema, "radi haisomi maandishi."

"Lakini Mwalimu, watu wa benki hawachomoi."

"Benki ni ya wenyewe. Hapa ni kwangu. Kwangu kukinguruma, tunachomoa."

Wakulima wote wa Ukambani wanamshukuru Mungu kwa mvua ya mwaka huu. Kanisani Jumapili iliyopita walitoa shukrani, nami nikasema amina kwa meno yaliyoumana. Mahindi yetu Kivaa yameshaota. Naona aibu kuichukia mvua, na bado naichukia.

Oktoba 29

Mvua. Amechomoa.

Novemba 3

Niliwaandikia wenye seva niwaombe wanitumie nakala kwa posta. Wamejibu. Wanasema kwa heshima kubwa kwamba maswali yote ya mradi yapelekwe kwa mkuu wa mradi. Mkuu wa mradi ni Kilonzo.

Novemba 6

Kilonzo amepokea simu baada ya siku tatu.

"Daktari, hapo chuoni laini ni nzuri. Ungelishusha hilo faili kwa siku moja."

"Madam, niko na mitihani ya kusahihisha. Na kwani haraka ni ya nini? Hizo ni nyimbo za jembe tu."

Nyimbo za jembe tu. Udaktari wenyewe aliupata kwa nyimbo hizo! Aliwaahidi wale mama kila mmoja kanda yake. Ahadi ni deni, lakini naona kuna watu deni haliwanyimi usingizi.

Nikimweleza Mwaitu habari za faili, anaendelea kusuka kiondo chake. Hata uso hauinui. Hilo nalo linaniudhi. Najiuliza napigania sauti ya nani.

Novemba 12

Nitaandika yote.

Asubuhi ilikuwa safi. Nilianza kabla mteja wa kwanza hajaingia. Laini ilikuwa nzuri kuliko siku zote, na saa saba nilikuwa kwenye asilimia themanini. Sikula. Sikwenda hata haja. Saa tisa hivi, tisini na moja. Tisini na mbili. Mbingu ikaanza kujifunga upande wa Iveti, nami nikaanza kuomba. Naona ni mara ya kwanza mtu wa Machakos kuomba mvua isinyeshe.

Tisini na nne. Ikanguruma.

Nilimwona akiinuka. Nikasimama kati yake na soketi, mgongo ukutani. Nikamwambia, "Mwalimu, leo hapana. Dakika chache tu. Chomoa zingine zote, hii moja niachie."

"Toka hapo, Nzisa."

"Sitoki."

"Nasema toka hapo! Utakufa!"

Akapitisha mkono ubavuni mwangu, akaushika waya wenyewe, akauvuta. Kioo cha kompyuta kikawa giza. Hapo nikapasuka. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba yeye ni mzee mjinga, kwamba alifundisha watoto miaka yote hiyo na yeye mwenyewe amebaki na ushirikina wa nyanya yake, kwamba amemuua mama yangu mara ya pili. Nilisema na mengine nisiyoweza kuyaandika hata hapa. Msichana mmoja, mteja, alianza kulia.

Mwalimu alikaa kwenye kiti, mikono katikati ya magoti. Nikachukua mkoba nikaondoka kwenye mvua.

Machakos si mji wa kuficha neno. Nilipofika nyumbani Mwaitu alikuwa ameshaambiwa. Nilijipakulia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, nikaketi. Akaja, akaichukua sahani mbele yangu, akairudisha juu ya kabati. Kisha akagonga meza mara moja, kwa nguvu, akaninyooshea kidole. Kumtukana mtu aliyemzidi hata yeye umri! Nilitaka kumwambia kwamba yote ni kwa ajili yake. Lakini uso ule haukuwa wa kuambiwa kitu.

Nalala njaa, na hasira yangu iko pale pale.

Novemba 13

Nilikwenda kuomba msamaha kwa sababu Mwaitu alinisindikiza hadi mlangoni mwa duka. Nilisema maneno yenyewe nikitazama sakafu. Mwalimu akaniambia niketi.

"Mke wangu aliitwa Mwelu," akasema. "Wewe hukumjua. Mimi nilikuwa nafundisha Kithimani. Kulikuwa na redio, na redio ilikuwa haishiki vizuri, kwa hivyo mimi nikapanda mti, nikafunga waya huko juu, nikauingiza kwa dirisha. Na nikatuma kadi kwa kile kipindi cha salamu. Nilitaka asikie jina lake likitajwa. Siku hiyo mvua ilikuwa inakuja. Alikuwa anakoroga ile redio, anatafuta stesheni. Radi ilipita kwa ule waya."

Akapangusa vumbi kwenye kompyuta iliyokuwa karibu naye.

"Sijui kama walizisoma salamu."

Nitakuwa mkweli humu, maana hakuna mwingine anayesoma: nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira. Huruma haikuiondoa. Vilikaa viwili pamoja kifuani, kila kimoja kikimsukuma mwenzake.

Nilipoinuka, akauliza, "Hiyo kitu yako. Kwa nini unaibeba yote mara moja?"

"Ni faili moja, Mwalimu. Ndivyo lilivyo."

"Hata mtaro ni mmoja. Umewahi kuona mwethya ikimpa mtu mmoja mtaro mzima? Unapimwa, unakatwa. Huyu hapa, yule pale. Mvua ikija, kila mtu amemaliza kipande chake, na hakuna mtu wa kuuanza upya."

Nikamjibu kwamba kompyuta si shamba. Nilifika barabarani ndipo nikasimama, watu wakanipita huku na huku.

Novemba 14

Kompyuta ni shamba.

Nimeingia kwenye seva yenyewe, nikatoa amri ya split, ikalikata lile faili vipande vidogo vidogo, kila kimoja na jina lake. Kipande kimoja kinashuka kwa muda usiozidi saa. Mwalimu akichomoa, napoteza kipande hicho tu, si zaidi. Elimu niliisomea mimi. Mbona sikuliona hili mwezi mzima? Hasira ni hasara, Mwaitu alikuwa akisema hivyo tangu nikiwa mdogo, nami nilidhani ni maneno ya kunyamazisha watoto.

Nimempigia Antony. Yuko Athi River, kwenye kiwanda kimoja cha nguo kwenye eneo la viwanda la EPZ, anatunza kompyuta za ofisi.

"Niaje Nzisa! Umepotea sana."

"Nipe saa yako ya chakula cha mchana."

"Kwani iko nini?"

Nikamweleza.

"Si ungesema mapema? Hapa laini iko fiti. Bosi akienda lunch, mimi navuta. Nipe za kutoka nyuma, wewe anza za mbele, tukutane katikati."

"Ukimaliza niambie umefika wapi."

"Wee, hiyo ni mwethya ya kompyuta sasa," akasema, akacheka. Leo ndiyo mara ya kwanza nacheka tangu mvua ianze.

Novemba 19

Mvua. Amechomoa. Nimepoteza kipande kimoja. Nilikunywa chai.

Novemba 26

Mvua. Kabla hajachomoa aliniuliza, "Uko katikati?" Nikamwambia ndiyo. Akasema pole, akachomoa.

Desemba 2

Jua. Vipande vingi sana leo. Mahindi Kivaa yamechanua, wanasema.

Desemba 8

Seva imenikataa. Nimeandika neno la siri mara tatu, nikidhani vidole vyangu ndivyo vibaya. Antony naye amekataliwa. Kilonzo amelibadilisha, na simu yake imezimwa.

Nilikuwa nimeanza kusahau jinsi ninavyomchukia. Leo nimekumbuka vizuri.

Desemba 10

Niliamka kwenda Nairobi kumtafuta, na nikamkuta Mwaitu amevaa nguo za kanisani, ameketi mlangoni na kiondo chake. Sikumwomba aje. Mtu ambaye hata uso alikuwa haniinulii nikitaja faili!

Kilonzo alikuwa ofisini akifunga masanduku ya vitabu. Kesho yake anasafiri na familia Mombasa. Hakumtambua Mwaitu.

"Madam, nilibadilisha kwa ajili ya usalama. Kulikuwa na watu wanaingia ingia kwa seva."

"Ni mimi! Wewe ndiye uliyenipa!"

"Basi ungeomba ruhusa. Hiyo ni mali ya utafiti. Tuongee Januari."

"Januari seva itakuwa imezimwa!"

Akaangalia saa yake. Nilihisi damu ikinipanda, na nina hakika ningerusha kitu. Mwaitu akanisogeza kando. Akavuta kiti karibu na meza ya Kilonzo, akaketi, akaanza kugonga meza ile kwa vifundo vya vidole. Si kwa fujo. Alikuwa anagonga mdundo, ule wa jembe: zito, jepesi jepesi, zito. Akimtazama usoni.

"Mama, tafadhali," Kilonzo akasema. Mwaitu akaendelea. Katibu wake akachungulia mlangoni, kisha mwalimu wa ofisi ya jirani, kisha wanafunzi wawili. Mwaitu akaendelea. Kilonzo akamtazama sasa sawasawa, akatazama kitambaa cha shingoni, na nikaona jinsi alivyomtambua. Uso ulimwanguka.

"Ni yule mwimbaji wa Kivaa?" akaniuliza mimi, kana kwamba Mwaitu ni kiziwi.

"Muulize mwenyewe. Masikio hayakukatwa."

Aliandika neno jipya la siri kwenye kipande cha karatasi. Hakuomba radhi. Mwaitu alikunja karatasi ile, akaitia kwenye kiondo, akagonga meza mara moja ya mwisho, tukatoka. Kwenye ngazi nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa anashuka haraka na mimi bado nilikuwa nimejaa matusi.

Desemba 17

Tangu turudi kutoka Nairobi nimeendelea pale nilipoishia. Antony pia.

Desemba 23

Mvua. Amechomoa.

Desemba 27

Krismasi imepita. Laini ilikuwa imekufa tangu mkesha. Antony amemaliza zake zote, na kiwanda chao kimefungwa hadi mwaka mpya. Vilivyobaki ni vyangu.

Desemba 30

Kimebaki kipande kimoja. Nilikianza saa nane na nusu, na mbingu ilikuwa tayari nyeusi. Nikajiambia nitakianza tu. Kesho nitakuwa na siku nzima, kama wale watu wa ng'ambo hawataizima seva asubuhi.

Ikanguruma. Mwalimu alipita, soketi baada ya soketi, wateja wakatoka. Akafika kwenye yangu, akashika plagi.

"Uko katikati?"

"Niko sitini na kitu. Chomoa tu, Mwalimu." Na nilimaanisha. Naandika ili nikumbuke kwamba nilimaanisha.

Hakuchomoa. Alisimama pale ameishika.

"Ni ya mwisho?"

"Ndiyo."

"Nisomee hizo namba."

"Mwalimu, chomoa."

"Soma!"

Nikasoma. Sabini. Sabini na tatu. Kila ikinguruma alifumba macho, midomo ikicheza, sijui ni sala au ni jina. Themanini. Jasho lilikuwa linamtiririka mashavuni. Radi ikapiga karibu, duka zima likawa jeupe, na yeye akatoa sauti ndogo lakini hakuondoka. Tisini. Nilisoma huku nalia. Tisini na nane. Mia.

"Mia!" nikapiga kelele, naye akachomoa kwa nguvu akaanguka kitako sakafuni. Nikaketi karibu naye. Tulikaa hivyo hadi mvua ikapungua.

Desemba 31

Antony amekuja na vipande vyake kwenye CD. Niliviunganisha vyote mchana huu, amri moja ya mstari mmoja, likawa faili zima. Kabla ya kulifungua, Antony alichoma nakala mbili, akazitia mfukoni. Mwalimu alifunga mlango wa duka. Mwaitu aliketi kwenye kiti cha wateja, kiondo mapajani, mikono imetulia.

Kwanza majembe. Kisha sauti yake.

Nilikuwa nimeisahau. Hilo ndilo lililoniuma: nilidhani naikumbuka, kumbe nilikuwa nimejitengenezea nyingine, ya upole. Hii ilikuwa nyembamba na kali, sauti ya mtu asiyeomba ruhusa. Alikuwa anaimba kwa kuwasema wavivu, jina kwa jina, na kundi linaitikia kwa kicheko. Aliimba muda mrefu, wimbo baada ya wimbo. Mwaitu alisikiliza kama anayesikiliza mgeni anayemheshimu. Mwalimu alikuwa amevua kofia.

Kisha kukanguruma. Mwalimu akaruka kuelekea ukutani, Antony akachungulia dirishani. Nje kulikuwa kweupe. Ngurumo ilikuwa ya 1999.

Wimbo ukakatika, na Mwaitu akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya kusikika mashamba matatu:

"Kilonzo! Zima hiyo kitu! Husikii radi?"

"Mama, kidogo tu. Wimbo haujaisha."

"Utaisha kesho. Zima, nasema, utatuua!"

Tak. Faili likaishia hapo.

Utaisha kesho. Kesho hiyo haikurekodiwa. Hasira ya miezi yote ilinipanda hadi kooni ikatafuta mtu, ikamkosa. Nilimgeukia Mwaitu nikiogopa nitakachokiona. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Kitambaa kilikuwa kinapanda na kushuka, pumzi inatoka kwa mluzi mdogo. Alikuwa anacheka. Alimpiga Mwalimu begani, akamwonyesha kompyuta, akajionyesha yeye mwenyewe, akacheka tena hadi machozi, na mzee naye akaanza.

Nikarudisha wimbo mwanzo. Tulikuwa tumefika kwa yule mvivu wa tatu wakati Iveti iliponguruma, safari hii kweli. Mwalimu akanitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa. Kabla sijamjibu, Mwaitu alikuwa ameshainuka. Alikwenda ukutani kwa hatua zake za haraka, huku sauti yake kwenye kompyuta ikiwa katikati ya wimbo, akachomoa.

Nakala zilikuwa mfukoni mwa Antony. Nilichukua kanga, nikamsaidia kufunika kile kioo cha juu ya sinki.